Siku Nilipokata Bua la Kipepeo

Juzi nilipita kwa jirani yangu hapa Kisenyi nikakuta okidi imetupwa jaani. Ilikuwa na chungu chake, mizizi minene ya kijani, majani matano yamesimama imara, imelala juu ya maganda ya ndizi. Nilishtuka kama mtu aliyekuta kuku hai ametupwa kwa sababu leo hajataga. Nikabisha hodi. Akatoka binti wa nyumba ile, simu mkononi.

"Mwanangu, hii nani katupa?"

"Ni mimi, Jajja," akaniambia, yaani babu. "Ilikufa. Maua yote yalianguka."

"Maua yakianguka ndiyo kufa? Nywele zangu zote zimeanguka, mbona hamjanizika?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniuliza swali ambalo ninyi vijana mnaoanza kazi hii mnaniuliza kila siku: sasa hili bua lililobaki, nilikate au niliache? Nilimwonyesha palepale kibarazani. Lakini niliporudi nyumbani sikupata raha, kwa sababu swali hilo mimi niliwahi kulijibu vibaya, kwa wembe, na watu watatu wakaumia. Nimeahidi mtu kwamba nitalisimulia kwa kila ninayemfundisha. Basi kaeni.

Jina langu Juma. Mimi ni Mnubi, baba yangu alikuwa dereva wa malori, na mimi mwenyewe nilidhani nitakufa nikinuka dizeli. Badala yake nikazeekea katika banda la okidi juu ya kilima cha Naguru, kwa mama mmoja tuliyemwita Madamu Namusoke. Alikuwa mfamasia aliyestaafu. Alipanda okidi nyuma ya nyumba yake chini ya wavu mweusi wa kivuli, akazikodisha kwa mahoteli na maofisi. Zikichanua tunazipeleka, zikimwaga maua tunazirudisha kupumzika. Kazi yetu ilikuwa kuzifanya zichanue tena.

Aliyenifundisha ni mzee wa Kikongo, Papa Mulamba, mkimbizi wa kutoka upande wa Bukavu. Alikaa Namuwongo, karibu na reli, na kila asubuhi alipanda kilima kwa miguu akiwa amevaa koti la suti. Koti la suti kwa kazi ya kushika samadi na makaa ya kupandia! Siku ya kwanza nilimcheka moyoni. Kufika saa nne nilikuwa nimeacha kucheka, maana mimi nilikuwa nimejaa tope mpaka masikioni na koti lake lilikuwa halina doa.

Sikilizeni alivyonifundisha, kwa sababu mpaka leo sijaona njia iliyo bora.

Okidi ile ya kawaida, yenye majani mapana na maua kama nondo waliotua kwenye kamba, ikimaliza kuchanua hubaki na bua refu. Litazame bua. Likiwa limegeuka rangi ya kahawia na limekauka, kata chini kabisa, karibu na majani, halina kazi tena. Likiwa bado kijani na gumu, hesabu vifundo kuanzia chini. Kila kifundo kimefunikwa na kigamba kidogo cha pembetatu, na ndani yake limelala jicho. Hesabu kimoja, viwili, vitatu, kisha kata juu ya hicho cha tatu, uache nafasi ya upana wa kidole. Baada ya miezi miwili mitatu jicho litaamka, litatoa tawi, na tawi litatoa maua. Lakini mmea ukiwa dhaifu, majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa, usiwe na tamaa. Kata bua lote uuache ulale, ule, upate nguvu.

Na wembe upitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mmea mwingine. Papa alikuwa na kibuyu kidogo cha spiriti chenye utambi. Alichoma wembe, akaungoja upoe, akakata, akapaka unga wa mdalasini kwenye kidonda, akachoma tena. Mimi nikaona ni kupoteza wakati.

"Papa, huu wembe safi. Nimeufuta kwa kitambaa."

"Safi kwa macho yako," akasema. "Maji ya huyu muti iko mu wembe. Huyu akiwa na ugonjwa, unapelekea wote. Ni kama daktari anachoma watu mia na sindano moja. Weye ungekubali?"

Nikachoma.

Nilikuwa mwepesi kujifunza, hilo nalisema bila haya. Mwezi wa tatu mabua niliyokata mimi yalianza kutoa matawi, na Madamu akapita akasema, "Juma, mkono wako ni mzuri, bambi," kama Waganda wanavyomsemesha mpendwa. Neno lile lilinilewesha. Nikawa natembea bandani na wembe mfukoni nikitafuta cha kukata. Hata hotelini nilikokwenda kurudisha vyungu nilimkuta dada wa mapokezi anamwagilia okidi kila asubuhi kwa bidii, nikamwambia niipunguze bua. Niliposhika ndipo nikagundua kuwa ni ya plastiki. Alikuwa ameinywesha maji miezi minne. Tulitazamana, hakuna aliyejua aanze kucheka au kulia.

Sasa niwaambie kuhusu Kipepeo.

Katika kona ya banda, pale penye upepo mzuri, palikuwa na okidi moja ambayo haikukodishwa kwa mtu yeyote. Rafiki wa Madamu alimletea kutoka safari, ikiwa na majani mawili tu yenye madoadoa. Aliilea miaka sita kabla haijatoa bua la kwanza. Ua lake lilikuwa kitu cha ajabu: njano na hudhurungi, mabawa mawili yenye kingo za mawimbi, na juu yake vijipembe vitatu vyembamba. Likipulizwa na upepo juu ya bua lile refu ungeapa ni kipepeo anayetaka kuondoka. Ua moja tu kwa wakati mmoja. Likianguka, mahali palepale hukaa patupu kwa majuma, kisha hutoka lingine.

Ua lile lilikuwa la Mzee. Mzee alikuwa mume wa Madamu, mwalimu mkuu zamani, mtu mrefu wa sauti nzito, ndivyo nilivyoambiwa. Nilipomkuta mimi alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umekufa, na kinywani hakukutoka neno ila sauti moja: aa, aa. Watu waliokuja kumtazama walizungumza mbele yake kama kwamba hayupo. Lakini kila asubuhi Papa Mulamba alimsukuma hadi kwenye kona ile, na Mzee alilitazama lile ua, akainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Madamu alituambia tangu augue hakuna kitu kingine kilichomfanya ainue kidole. Hata wajukuu.

Hayo yote nilikuwa nayajua. Nisichokijua kilikuwa kimoja, nacho hakuna aliyewahi kunieleza, kwa sababu Kipepeo alikuwa mmoja tu na hakuna aliyedhani ningemgusa. Okidi ya namna ile haitoi bua jipya kila msimu. Inatumia bua lilelile, mwaka baada ya mwaka, maua yakifuatana kwenye ncha ileile. Ukilikata, utangoja miaka, na huenda lingine lisitoke.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano. Nilikuwa na miezi mitano kazini, na mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Madamu na Papa walikwenda na pikapu kupeleka vyungu vya harusi. Nikaachwa peke yangu na Mzee, ambaye alikuwa kivulini kwenye kiti chake, hatua chache tu kutoka ile kona. Nikaamua nifanye kazi ya kuwashangaza. Nikasafisha meza, nikang'oa magugu, nikapanga vyungu vitupu. Kisha nikamwona Kipepeo.

Ua lake lilikuwa limeanguka siku kadhaa nyuma. Bua lilibaki peke yake, refu, kijani, kwenye ncha pakavu kidogo. Nikajisemea, hawa wazee wameisahau hii. Nikachoma wembe vizuri sana, mwalimu wangu angejivuna. Nikahesabu vifundo: kimoja, viwili, vitatu.

Mzee akasema, "Aa! Aa!"

Nikamgeukia. Alikuwa amekaza macho na anapiga mkono wa kiti kwa ngumi ya kushoto, pu, pu, pu. Nikadhani ana kiu. Nikaenda kumletea maji, nikamshikia kikombe mdomoni, akakipiga kikaruka mpaka kwenye makaa. Nikamwambia, kwa upole kabisa, kama tunavyowasemesha wagonjwa kwa ujinga wetu, "Basi, Mzee, basi. Tulia. Nimalize kazi, nitakurudisha ndani."

Nikarudi nikakata.

Nilipopaka mdalasini nilimsikia akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nilidhani kiti kinaanguka. Nilipotazama alikuwa amefumba macho na machozi yanateremka upande mmoja wa uso, ule ulio hai. Hata hapo sikuelewa. Niliokota kipande cha bua, nikakitazama ncha yake kwa karibu, na ndani ya kile nilichodhani ni ukavu niliona kichipukizi. Kidogo kama punje ya mchele. Kilikuwa cha kijani, kibichi, tayari kutoka.

Nilijaribu, naomba msinicheke, nilijaribu kulirudisha. Nilishikilia vipande viwili pamoja kwa vidole kama vile vingeungana. Wembe uliokuwa bado mkononi ukanikata.

Pikapu iliingia getini wakati huohuo.

Papa Mulamba ndiye aliyetangulia kuingia bandani. Alimwona Mzee analia, akaniona mimi, akaona nilichoshika. Alisimama. Sitasahau jinsi macho yake yalivyotembea kutoka mkononi mwangu hadi kwenye kona na kurudi usoni mwangu. Alinijia, akakichukua kile kipande cha bua mkononi mwangu, akakishika yeye. Nilidhani anataka kukitazama.

Madamu akaingia nyuma yake akiongea habari za trafiki, akakata maneno katikati.

"Banange!" Aliweka mkono kifuani. "Banange, nani amekata hii?"

Nilifungua kinywa.

"Ni miye, Madamu," akasema Papa Mulamba. "Miye njo nilikata. Asubuhi, mbele ya kwenda. Nilifikiri ya ingine. Macho yangu imechoka."

Niliposikia hivyo nilishtuka kuliko niliposhtuka kwa bua. Nilimtazama. Alikuwa amesimama na koti lake la suti, kichwa kimeinama kidogo, kipande cha bua mbele ya tumbo lake kama mtu aliyeshika kofia msibani.

"Aa! Aa!" Mzee akaanza tena kupiga kiti. Pu, pu, pu. Akanyoosha kidole. Ninyi mmeelewa alikuwa anamnyooshea nani. Mimi nilielewa. Madamu alifuata kile kidole akaona kinaelekea kwenye kona, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya kona.

"Tazama!" akalia. "Tazama ulichomfanyia! Miaka kumi na moja unakula nyumbani kwangu, unajua hii maua ni uhai wake, unaikata? Ondoka, Mulamba. Ondoka leo, nisikuone hapa tena."

"Ndiyo, Madamu. Unisamehe."

Alikitoa kibuyu chake cha spiriti mfukoni, akakiweka mezani, akatoka. Nilimfuata hadi getini, na mnafikiri nilimwambia nini? Nilimwambia, "Papa, kwa nini?"

"Miye nilikufundisha kukata tu," akasema. "Kuacha sikukufundisha. Kosa ni ya mwalimu. Rudi ndani, muke yako atazaa karibuni."

Nami nikarudi ndani.

Vijana wangu, nimeshasikia watu wakijisifu kwamba hawana siri. Mimi niliishi na ile yangu majuma tisa na nilikonda mpaka mke wangu akadhani nimepata ugonjwa wa kifua. Kila asubuhi nililazimika kumsukuma Mzee bandani, maana sasa kazi ile ilikuwa yangu. Na kila asubuhi Mzee alishika gurudumu kwa mkono wake mzima ili kiti kisiende. Nikimvuta anapiga kelele. Nikija upande wa mbele anapiga mkono wa kiti na kuninyooshea kidole. Aa! Aa! Nikipita dirishani, aa! Nilianza kupita nyuma ya nyumba nikiinama chini ya madirisha, mtu mzima mimi, kama mwizi wa kuku.

Banda nalo likaniumbua. Niliendelea kukata kwa kuogopa, nikiacha mabua ambayo yalipaswa kukatwa. Siku moja nikaanza kupunguza zile okidi zenye mashina membamba kama miwa, nikitaka kuondoa yaliyozeeka, kisha nikasita na hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Baadaye nilijua kwamba nazo haziguswi, kwa sababu shina la zamani lisilo na hata jani huweza kuchanua tena. Siku ile lakini sikujua. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, wembe mkononi, nikatazama mlangoni nikingoja koti la suti liingie.

Kisha ikaja Jumatatu moja. Nilikuwa namwagilia, Madamu akaja akakaa kwenye benchi, jambo ambalo hakulifanya. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Juma, naomba unisikirize," akasema. Madamu, kama Waganda wengi, alikuwa akibadilishana l na r bila kujali. "Mzee anaharibika akiri. Nimeongea na daktari. Nimemweleza anavyopiga kiti, anavyokuchukia wewe bira sababu. Daktari anasema ubongo unaondoka. Kuanzia kesho atapewa dawa ya kutuliza. Atarara sana, lakini atakuwa na amani. Nimekuambia kwa sababu ni wewe anakusumbua zaidi, na umevumiria, bambi."

Mpira wa maji ulinidondoka, ukawa unaruka chini kama nyoka na kutulowesha wote wawili, na hakuna aliyeufunga.

Nilikuwa najua kwamba Papa amepoteza kazi kwa ajili yangu. Hilo nilikuwa nimelizoea, Mungu anisamehe, kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Lakini kwamba yule mzee mle ndani ana akili timamu, kwamba siku zote zile alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba anayesema kweli, na sasa anakwenda kulazwa kwa dawa kwa sababu ya kuisema kweli hiyo! Nilikaa kwenye maji.

"Madamu, Mzee hana wazimu."

"Nini?"

"Aliniona. Ni mimi niliyekata Kipepeo. Papa hakukata. Mzee alikuwa pale kwenye kivuli, alipiga kiti ili anizuie, nikampa maji. Tangu siku ile anakuambia. Kila siku anakuambia."

Nilingoja tusi, kofi, polisi, chochote. Aliinuka, viatu vimejaa maji, akaenda ndani kwa mwendo ambao haukuwa kukimbia wala kutembea. Nilimfuata mpaka mlangoni, sijui kwa nini.

Mzee alikuwa karibu na dirisha. Madamu alisimama mbele yake.

"Ssebo," akamwambia, yaani bwana, na baada ya hapo aliongea Kiganda, lakini Kiganda rahisi ambacho nilikielewa vizuri. "Ni Juma aliyekata ua? Ndicho unachoniambia?"

Mzee hakupiga kiti. Aliinua kidole chake kimoja, polepole, akakiweka juu. Kile kidole ambacho aliwahi kukiinua kwa ua tu.

Madamu alitoa sauti kana kwamba amechomwa. Akaketi sakafuni, akaweka kichwa chake kwenye magoti ya mumewe, na mwili wote ukawa unatikisika. "Nilidhani umeondoka," alikuwa anasema. "Nilidhani umeshaondoka, kumbe upo, kumbe upo." Nikaona mkono wa Mzee unashuka juu ya kitambaa cha kichwa cha mkewe.

Niliondoka mlangoni. Nikaenda kukusanya vitu vyangu, nikijua kazi imekwisha.

Lakini alipotoka nusu saa baadaye alikuwa na funguo za gari. "Unajua Mulamba anakaa wapi?"

"Namuwongo, Madamu. Nyumba yenyewe siijui."

"Tutaitafuta."

Tuliiacha pikapu kando ya barabara tukateremka kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma na viatu vyake vya ngozi ndani ya tope jeusi la mfereji. Mvua ilikuwa imenyesha. Tuliuliza kwa wauza mihogo, kwa fundi wa majiko. Kila mtu alimjua mzee mwenye koti. Tulimkuta nje ya chumba chake, karibu sana na reli, amekaa kwenye kigoda anashona viatu vya watu. Hakuwa na koti. Alikuwa na fulana iliyotoboka begani, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jinsi alivyokuwa mwembamba.

Alipotuona alisimama haraka, akaanza kutafuta mahali pa kumkalisha Madamu. "Karibu, karibu, ngoja nilete kiti..."

Madamu akapiga magoti.

Najua wanawake wa Kiganda hupiga magoti kumsalimu mkubwa. Lakini si mama tajiri wa Naguru mbele ya mtu aliyemfukuza, si katika tope lile, si mbele ya wauza mihogo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafua aliacha nguo mkononi. Papa Mulamba mwenyewe alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagonga ukuta wa mabati.

"Madamu, hapana! Simama, utachafuka! Hapana fanya hivi!"

"Nimekukosea, Mulamba. Juma ameniambia yote. Nilikufukuza kama mbwa na hukuwa na kosa."

Papa akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, isipokuwa kwa kile nilichokiona, kwamba alikuwa amekasirika. Hakuwa amekasirika siku ile ya bua, wala alipofukuzwa. Sasa hivi alikuwa amekasirika.

"Majuma tisa," akasema. "Miye nilifikiri utasema kesho yake. Nilikubebea siku moja, mutoto yangu, muke yako asipate mshtuko na mimba. Siku moja! Weye ukaniachia majuma tisa."

Nikaokota kiatu kilichomdondoka, nikamrudishia.

Hakukubali kurudi siku ile. Alisema ana viatu vya watu, hawezi kuviacha. Lakini Madamu alipomweleza habari ya Mzee, kwamba alikuwa karibu kulazwa kwa dawa, alishika kichwa kwa mikono miwili, akaingia ndani, akatoka amevaa koti. Kwa Mzee atakwenda, akasema. Kazi watazungumza baadaye. Njiani kwenye pikapu alikaa nyuma pamoja nami, na hakunisemesha mpaka tulipoanza kupanda kilima. Ndipo aliposema, "Utakaa na hii kazi. Miye nitamuomba Madamu. Lakini kila mutu utamufundisha kukata, umuambie weye ulikata nini. Usiseme kuna kijana fulani alikata. Sema ni miye, Juma."

Basi nimesema.

Alirudi kazini siku tatu kwa juma, siku nyingine akaendelea na viatu vyake. Mzee hakukubali kusukumwa na mtu mwingine. Mimi nilibaki na kazi yangu lakini nilikuwa kama mtu anayetembea nyumbani kwa watu. Papa alianza kunifundisha upya, safari hii akianza na zile zisizokatwa. Alinionyesha namna ya kupapasa ncha ya bua kwa kidole kabla ya kushika wembe, kuona kama kuna uhai. Alinionyesha namna ya kusogeza vyungu barazani wapate baridi ya kilima kwa majuma matatu au manne, maana okidi nyingi hazitoi bua jipya bila kuhisi ubaridi kidogo. Yule Kipepeo tulimpumzisha. Hatukumlazimisha kwa mbolea. Alitoa jani moja mwaka ule. Mwaka uliofuata, jani lingine. Mtoto wangu alikuwa anakimbia tayari, na ile kona bado ilikuwa tupu.

Bua lilitoka mwaka wa tatu. Lilichukua miezi kurefuka, na katika miezi ile nilikwenda kulitazama kila asubuhi nikiwa nimeweka mikono nyuma, sithubutu hata kulipulizia vumbi. Wakati huo Mzee alikuwa hatoki tena kitandani. Papa Mulamba alikuwa amekwenda Mbarara kwa binti yake, magoti yamechoka. Siku ua lilipofunguka tulikuwa wawili tu bandani, mimi na Madamu, tukawa tunalitazama.

"Beba," akaniambia.

"Mimi, Madamu?"

"Ni nani mwingine? Beba, upereke."

Nikakibeba chungu kwa mikono miwili nikapanda ngazi, hatua kwa hatua, ua linatikisika mbele ya uso wangu kama linaloruka. Sikuwa nimeingia chumbani kwa Mzee hata mara moja. Alikuwa amelala akitazama ukuta, mdogo sana ndani ya shuka. Nilisimama kando ya kitanda nikainama ili chungu kifike usawa wa macho yake.

"Mzee," nikasema. "Ni Juma."

Aligeuza kichwa. Aliliangalia ua kwanza, kwa muda mrefu, midomo yake ikitembea. Kisha akaniangalia mimi. Akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, nami nikajikaza nipokee kitakachokuja. Akauweka juu ya kifundo cha mkono wangu ulioshika chungu. Ulikuwa wa moto na mwepesi kama karatasi. Hakuuondoa. Chungu kilikuwa kizito, kimejaa makaa na magome, mgongo ukaanza kuniuma, mabega yakaanza kuwaka, na Madamu akaniuliza kutoka mlangoni kama nataka alete meza. Nikamwambia hapana, sijachoka.